Waambieni pia habari za Mei

Mhariri,

Mnapoandika habari za vijana wanaotaka kuja kufanya kazi kaskazini ya mbali ya Kanada, huwa mnawaonya juu ya baridi. Mimi ni dereva wa teksi hapa Inuvik, kilomita 200 hivi ndani ya Aktiki, mwaka wa sita sasa. Baridi huzoeleka: unavaa, unawasha hita, maisha yanaendelea. Kinachomchosha mgeni ni majira theluji inapoyeyuka, na hayo sijayasoma kwenu hata mara moja.

Mwishoni mwa Aprili theluji inageuka uji wa kijivu, na kila kilichoanguka tangu Oktoba kinaibuka: makopo, glavu moja moja, vinyesi vya mbwa vya majira mazima. Maji hayana pa kuzama, maana ardhi chini imeganda, na hata kiangazi huyeyuka tabaka la juu tu. Ndiyo sababu nyumba zetu zimesimama juu ya nguzo, na mabomba ya maji yanapita nje, juu ya ardhi, ndani ya masanduku marefu ya bati. Basi maji yanatuama barabarani. Usiku yanaganda, asubuhi nyayo za magurudumu zimekuwa mawe, saa sita mchana ni tope tena. Abiria ananiomba radhi kwa viatu vyake kabla hata ya kunisalimu.

Tope ni dogo. Kubwa ni barabara. Dempster, kilomita 736 za kokoto, haina daraja kwenye mto Peel wala Mackenzie. Wakati wa baridi magari hupita juu ya barafu. Kiangazi kuna pantoni. Katikati hapo hakuna njia: barafu haibebi tena lori, na pantoni haiwezi kushushwa mpaka mabonge ya barafu yaishe mtoni. Kwa wiki kadhaa kila kabichi inakuja kwa ndege, na bei unaiona mwenyewe dukani. Mwaka wangu wa kwanza sikujua. Nilibaki na kilo mbili za mchele. Jirani yangu, bibi wa Kigwich'in, wenyeji asilia wa huku, alibisha hodi na samaki wa kukausha mkononi, akanikaripia kama mjukuu wake: unga na mchele hununuliwa Machi!

Bibi huyohuyo ndiye aliyenikataza kukanyaga mto. Mimi niliona barafu nene, nyeupe. Yeye akagonga bonge moja ukingoni kwa fimbo, likasambaratika vijitivijiti kama mishumaa. Akanieleza kwamba Mackenzie unatiririka kwenda kaskazini, hivyo kusini hutangulia kuyeyuka, na maji yake yanakuja kugonga barafu ya huku ambayo bado haijaachia. Hapo ndipo mto unapofurika. Inuvik yenyewe ilijengwa miaka ya 1950 kwa sababu ya mafuriko ya kijiji cha Aklavik, ng'ambo ya delta ya mto huo. Wengi wa Aklavik hawakukubali kuhama, na kila Mei tunaulizia hali yao.

Nawaomba, mnapotoa ushauri kwa wasafiri, mtaje na miezi. Mtu asitegemee barabara kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Juni. Aje na buti za mpira. Awe na chakula cha wiki sita ndani.

Juzi nimempokea kijana mmoja uwanja wa ndege. Mizigo yake aliituma kwa lori, imekwama upande wa pili wa mto, naye amevaa viatu vya ngozi. Nimempa buti zangu za zamani na nusu gunia la mchele.

Msomaji wenu,
Dereva wa teksi, Inuvik, Kanada