Tiba mpya ya TB sugu iende pamoja na kipimo cha usugu wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo naona linaachwa nyuma kila tunapozungumzia mafanikio ya tiba ya kifua kikuu sugu. Mafanikio yenyewe ni ya kweli, na sisi tuliofanya kazi maabara tukipokea makohozi ya wagonjwa hao tuna kila sababu ya kuyafurahia. Zamani mgonjwa wa TB sugu alitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, na miezi mingi ya mwanzo alichomwa sindano kila siku, sindano ambazo ziliwaacha baadhi yao viziwi. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) limependekeza tiba ya vidonge pekee kwa miezi sita, yenye dawa nne: bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini. Ninachoomba ni kwamba popote zinapotolewa dawa hizo pawepo pia njia ya uhakika ya kujua kama vimelea vya mgonjwa husika bado vinauawa na bedakwilini, kwa kuwa hiyo ndiyo nguzo ya tiba nzima.

Bedakwilini iliidhinishwa nchini Marekani Desemba 2012, ikiwa dawa ya kwanza ya TB yenye njia mpya ya kuua vimelea kupatikana baada ya zaidi ya miaka 40. Huziba kimeng'enya ambacho bakteria hukitegemea kutengeneza nishati. Watafiti walipoichunguza mwanzoni maabara, vimelea vilivyoishinda vilikuwa na mabadiliko katika atpE, yaani jeni inayohusika na kimeng'enya hicho. Kwa wagonjwa mambo yamekwenda njia nyingine. Usugu mwingi unaopatikana kwao hutokana na jeni fupi iitwayo Rv0678, yenye herufi 498 tu za DNA, ambayo haina uhusiano wowote na utengenezaji wa nishati. Jeni hiyo hutoa protini inayozuia pampu fulani ya kwenye utando wa bakteria isitengenezwe kupita kiasi. Herufi moja ikibadilika, ikidondoka au ikiongezeka mahali pabaya, protini hiyo huharibika, pampu huzidi, na bedakwilini iliyoingia hutolewa nje kabla haijafikia kiwango cha kuua.

Pampu hiyohiyo huitoa pia klofazimini, dawa iliyotumika kwa miongo mingi kutibu ukoma na ambayo baadaye iliingizwa katika tiba ya TB sugu. Kwa hiyo vimelea vilivyojenga usugu mgonjwa akiwa anatumia klofazimini vinaweza kukutwa tayari vina usugu dhidi ya bedakwilini, ingawa mgonjwa mwenyewe hajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha bedakwilini.

Mfano unaonisumbua zaidi unatoka Eswatini. Utafiti wa kitaifa uliofanyika huko mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu asilimia 30 ya vimelea vya TB sugu vilikuwa na badiliko katika jeni ya rpoB, linalojulikana kama I491F, ambalo huleta usugu dhidi ya rifampisini, dawa kuu ya TB ya kawaida, lakini liko nje ya kipande cha herufi 81 kinachosomwa na GeneXpert, mashine inayotafuta TB na usugu wake katika makohozi. Mashine ilisema mgonjwa hana usugu, naye akapewa dawa za kawaida ambazo hazikuweza kumponya. Baadaye vinasaba vya vimelea hivyo viliposomwa kwa ukamilifu, ilionekana kwamba vingi kati yake vilikuwa pia na mabadiliko katika Rv0678, na kwamba mabadiliko hayo yalitokea kabla bedakwilini haijaanza kutumika nchini humo. Vimelea vya aina moja, vinavyoambukizwa kutoka mtu hadi mtu, vilikuwa vimekikwepa kipimo chetu kikuu na wakati huohuo vimeanza kuishinda dawa ambayo ilikuwa bado haijafika. Naomba wanaopenda kusema kwamba usugu ni matokeo ya wagonjwa wazembe wanaokatisha dozi waufikirie mfano huo kwa makini, kwa sababu wengi wa wenye TB sugu waliipata ikiwa sugu tangu siku ya kwanza.

Hata hivyo, kukatizwa kwa dozi kuna hatari ya pekee katika tiba hii. Bedakwilini hukaa mwilini muda mrefu mno, kiasi kwamba huchukua takriban miezi mitano na nusu kwa kiwango kilichobaki kupungua kwa nusu, ilhali linezolidi na pretomanidi huisha mwilini katika muda wa siku chache. Mgonjwa akiacha vidonge mwezi wa tatu, kwa mfano kwa sababu linezolidi imempunguzia damu au imemletea ganzi na maumivu miguuni, anabaki kwa miezi kadhaa na bedakwilini peke yake, katika kiwango kinachozidi kushuka. Hayo ndiyo mazingira ambamo kimelea chenye Rv0678 iliyoharibika husalia na kuzaana huku wenzake wakifa. Kumpima damu mgonjwa mara kwa mara na kumsikiliza anapolalamikia miguu ni sehemu ya kuilinda dawa yenyewe.

Sasa tunapima vipi? GeneXpert hutoa majibu ya rifampisini ndani ya saa mbili, na ipo katriji (kikasha cha kipimo kinachowekwa ndani ya mashine) nyingine inayosoma usugu dhidi ya isoniazidi, dawa nyingine ya TB ya kawaida, na dawa za jamii ya moksifloksasini, lakini katriji hizo hazisomi Rv0678. Sababu ni ya kibaiolojia: mabadiliko katika jeni hiyo hayakusanyiki sehemu moja, bali yametawanyika kuanzia mwanzo hadi mwisho wake. Kuotesha vimelea na kuvijaribu kwa dawa hutoa jibu la kuaminika, lakini huchukua wiki nyingi. Ipo njia ya kusoma jeni zilizochaguliwa moja kwa moja kutoka katika makohozi, ambayo WHO iliiingiza katika miongozo yake mwaka 2024. Nayo inahitaji wataalamu, maana si kila badiliko huleta usugu. Wapo vimelea ambavyo Rv0678 yake imeharibika, lakini pampu yenyewe pia imeharibika, na hivyo dawa inaendelea kuviua vizuri. Mtaalamu asiyejua hilo anaweza kumnyima mgonjwa tiba inayomfaa.

Tanzania haianzi na mikono mitupu. Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro imekuwa ikitibu TB sugu tangu mwaka 2009, na utaratibu wa kusafirisha sampuli za makohozi kutoka vituo vya mbali upo. Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe kwamba kila mgonjwa anatoa sampuli kwa ajili ya kipimo cha bedakwilini kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, bila tiba kucheleweshwa kwa kusubiri majibu, na kwamba sampuli inarudiwa pale ambapo vimelea vinaendelea kuota baada ya miezi michache ya dawa. Lakini aliyewahi kutumia bedakwilini, pretomanidi au linezolidi kwa zaidi ya mwezi mmoja, huyo achunguzwe usugu kwanza kabla ya kuanzishiwa tiba hii. Aidha, pamoja na idadi ya waliopona, taarifa ya kila mwaka itaje ni wagonjwa wangapi waliopimwa usugu wa bedakwilini, na majibu yao yalichukua siku ngapi kumfikia daktari.

Wako katika kujali afya ya jamii,
Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Moshi.