Hedi ikichongwa, mteja apewe vipimo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wenye magari, mafundi, na hasa wenye mashine za kuchonga hedi (kile kifuniko cha juu cha injini chenye valvu na plagi) na kupanua silinda hapa Dodoma. Ninachoomba ni kwamba injini inapofumuliwa na kusukwa upya, uwiano wa mgandamizo upimwe kabla hedi haijafungwa, na aliyekwangua chuma aandike kwenye risiti amekwangua kiasi gani.

Mimi ni fundi sanifu maabara katika shule ya sekondari. Magari si ajira yangu, lakini nyumbani kwetu Nkuhungu uwanja haujawahi kukosa gari lililopandishwa juu ya mawe, na mdogo wangu anamiliki Toyota Altezza ya gia sita ambayo injini yake tumeifumua wenyewe. Niliyoyaona ndani ya injini hiyo ndiyo yamenifanya niandike.

Injini yenyewe ni 3S-GE. Pistoni ina kipenyo cha milimita 86 na inasafiri milimita 86, kwa hiyo silinda moja inavuta karibu cc 499.6 (cc moja ni sawa na mililita moja), na zote nne zinatoa cc 1,998. Toyota waliiuza ile ya gia za mkono ikiwa na uwiano wa 11.5 kwa 1. Maana yake, hewa na petroli vilivyojaa silinda pistoni ikiwa chini kabisa vinabanwa hadi nafasi iliyo ndogo mara 11 na nusu. Piga hesabu utaona kwamba nafasi inayobaki pistoni ikifika juu kabisa ni cc 47.6 tu. Barua yangu yote inahusu hizo cc 47.6.

Tazama zinavyoliwa. Gari linachemsha, hedi inapinda, inapelekwa kuskimiwa, yaani kukwanguliwa uso mpaka unyooke. Silinda zimekwaruzika, zinapanuliwa zipokee pistoni za ovasaizi ya 0.50, kipenyo kinakuwa milimita 86.5. Kupanua peke yake kunafanya silinda ivute cc 505.4, na hata kama nafasi ya juu haijaguswa uwiano unapanda hadi 11.6. Hapo hakuna tatizo. Lakini hedi ikikwanguliwa nusu milimita, karibu cc 2.7 zinaondoka kwenye chemba, yaani shimo la ndani ya hedi ambamo petroli inawakia, na uwiano unafika 12.2 au zaidi kidogo. Halafu dukani wanakosa gasketi (kizibo bapa kinachobanwa kati ya hedi na bloku, mwili wa injini wenye silinda) ya unene wa asili, wanakupa iliyo nyembamba kwa milimita 0.3. Hapo zimeondoka cc 1.8 nyingine. Sasa una injini ya 12.7 kwa 1, na hakuna mtu hata mmoja aliyekaa akaamua iwe hivyo. Imejikuta tu.

Altezza ya mdogo wangu ilitoka gereji ikiwa katika hali hiyo. Hatukujua, kwa sababu haikuja na karatasi yoyote yenye namba. Mjini ilikwenda vizuri, hata mwenyewe akasema ina nguvu kuliko zamani. Safari ya kwanza ya Dar ndiyo iliyofichua. Gairo walipita salama, wakateremka Dumila, na kwenye tambarare ile alipokanyaga mafuta alipite lori, injini ikaanza kugonga: mlio mkavu kama vijiwe ndani ya kopo la bati. Akapunguza mwendo hadi Morogoro, akageuza. Namshukuru Mungu kwamba aliusikia na akajua maana yake, maana wengi huongeza sauti ya redio.

Kugonga huko si kelele tu. Plagi ikishawasha, moto unatakiwa usambae kwa utaratibu. Mgandamizo ukizidi uwezo wa petroli iliyomo, ile sehemu ya mchanganyiko ambayo moto haujaifikia inajilipua yenyewe. Msukumo wake unavunja kingo za pistoni zinazoshika ringi, unachoma gasketi, na kwenye injini yenye joto kali unaweza kula kichwa cha pistoni mpaka kikatoboka. Kompyuta ya gari ina kihisio kinachosikia kugonga na kuchelewesha moto wa plagi, lakini nacho kina ukomo wake. Hii ni injini ambayo Wajapani wenyewe waliitengeneza kwa petroli yao ya premiamu. Haikuachiwa nafasi kubwa ya kuchezea.

Kwa nini ilinyamaza Dodoma ikapiga kelele Dumila? Hili ni muhimu sana kwetu wakazi wa kanda ya kati. Mji wetu uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ina msukumo mdogo kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya nane, kwa hiyo kila pistoni inaposhuka inavuta hewa pungufu, na inachokwenda kukibana ni kidogo. Injini iliyozidishwa mgandamizo inaweza kuishi hapa miezi na miezi bila kulalamika. Teremka bondeni kwenye hewa nzito na joto, ndipo unapoona kilichofungwa ndani.

Mwinuko huohuo unawadhulumu watu kwa upande wa pili. Jirani yangu, fundi wa miaka mingi ninayemheshimu, aliniambia, "Madamu, kompresheni mbona naipima kila siku? Natoa plagi, natia geji, naona." Ni kweli anapima, ila kile ni kitu kingine. Geji inaonyesha msukumo unaofikiwa injini ikizungushwa na stata, na msukumo huo unategemea ringi, valvu, nguvu ya betri, taimingi ya kamshafti, kama umekanyaga mafuta hadi mwisho au la, na hewa ya mahali ulipo. Injini nzima inayosoma psi 180 Dar es Salaam itasoma karibu 157 hapa Dodoma, bila ugonjwa wowote. Nimeona mtu anakatishwa tamaa na kuuza gari kwa bei ya hasara kwa sababu geji ilisoma chini na fundi akatamka kwamba injini imechoka. Kwa upande mwingine, ringi zilizolegea ndani ya injini iliyochongwa kupita kiasi zinaweza kutoa namba nzuri kabisa kwenye geji. Geji inafaa kulinganisha silinda na silinda. Haikuambii chemba ina cc ngapi.

Chemba inapimwa kwa kuijaza. Kifaa chake ni bureti, mrija wa kioo wenye alama za mililita na bomba la kufungulia chini, na Mtanzania yeyote aliyesoma kemia hadi Kidato cha Nne akafanya taitresheni ameishika. Ninazo kabatini kazini na ninayo yangu nyumbani, ya mililita 50, iliyonunuliwa duka la vifaa vya maabara. Kingine ni kipande cha plastiki ngumu ya kuona, ile wanayotengenezea vibao vya matangazo, nene ya kutosha isipinde. Toboa tundu dogo karibu na ukingo.

Hedi inageuzwa chali, valvu zikiwa zimefungwa na springi zake, plagi imekazwa mahali pake. Paka grisi nyembamba kuzunguka ukingo wa chemba, bandika plastiki, kisha inamisha hedi kidogo ili tundu liwe mahali pa juu kabisa. Fungulia bureti taratibu mpaka kiputo cha mwisho kitoke. Soma kimiminika macho yakiwa usawa wake, chini ya mbonyeo, kama tunavyowahimiza watoto kila siku. Mililita 50 zikiisha kabla chemba haijajaa, funga bomba, andika, jaza tena, endelea.

Msitumie maji. Yanang'ang'ania viputo na yanaacha kutu. Spiriti inapenya vizuri lakini kwa ukavu wa hewa ya Dodoma inapungua unaiangalia, hasa upepo wa Julai na Agosti ukianza. Mimi natumia mafuta ya taa na tone la mafuta mekundu ya gia ya otomatiki ili niyaone vizuri. Jiko na sigara vinakaa mbali. Mafuta ya taa yana faida nyingine: yakianza kuvuja upande wa matundu ya hewa au ya moshi, valvu haijakaa vizuri, na umelijua hilo bila kulipa mtu.

Pistoni nayo ina kichuguu na vidimbwi vya kupisha valvu, kwa hiyo huwezi kuikadiria kwa rula. Tunaishusha mpaka ukingo wake uwe milimita 10 kamili chini ya uso wa bloku, tukitumia dayo geji (saa ya kupimia umbali mdogo) yenye mguu wa sumaku, tunaziba pembeni kwa grisi, tunaweka plastiki na kujaza. Silinda ya milimita 86.5 yenye kina cha milimita 10 ingebeba cc 58.8 kama pistoni ingekuwa bapa. Kiasi kinachopungua hapo ndicho kichuguu kinachokula nafasi, nacho unakitoa kwenye cc za chemba. Ongeza nafasi ya gasketi, ukitumia unene wake ikiwa imeshabanwa (kwa injini hii kila milimita 0.1 ni karibu cc 0.6), na pengo kati ya pistoni ikiwa juu kabisa na uso wa bloku. Ukishapata jumla, gawanya cc za silinda kwa jumla hiyo, ongeza moja. Huo ndio uwiano wako. Pima kila silinda na urudie. Namba zisipokaribiana kuna kiputo au kuna panapovuja.

Kwenye Altezza yetu silinda iliyobanwa zaidi ilitoa 12.7 na iliyo na nafasi zaidi 12.4. Tofauti hiyo nayo ina sababu. Siti za valvu, yaani pale valvu zinapokalia, za chemba moja zilisagwa zaidi, valvu zikazama, chemba ikapata nafasi. Kwa hiyo usipime chemba moja ukadhani umezipima nne.

Kuna mafundi waliotushauri tuweke gasketi mbili, moja juu ya nyingine, kurudisha nafasi iliyopotea. Nilikataa na ninawasihi wengine wakatae. Gasketi mbili zinaweza kuongeza cc 7 na kuishusha injini hiyo hadi karibu 11, yaani unapoteza nguvu ambayo ndiyo sababu ya kununua Altezza, na umeongeza njia ya maji na moto kuvujia. Pia pengo jembamba la pembeni, ambalo pistoni hulitumia kuusukuma mchanganyiko kuelekea kwenye plagi, linapanuka, na pengo hilo likiwa jembamba husaidia kuzuia kugonga. Tulitafuta hedi nyingine ya mtumba ambayo haijaguswa, ikaja kwa basi kutoka Dar, tukaipima juu ya meza kabla ya kumlipa muuzaji salio lake. Kwa gasketi ya unene wa asili tulipata 11.6. Mdogo wangu ameshakwenda nayo Dar na kurudi, na pale Dumila alikanyaga makusudi.

Sasa nirudi kwa wenye mashine. Kazi yenu ni nzuri na bila ninyi injini nyingi za mkoa huu zingekuwa vyuma chakavu. Lakini mteja anapochukua hedi anaambiwa tu "tayari, imenyooka." Hajui kama imeondolewa milimita 0.1 au 0.6, wala hajui kama iliwahi kuchongwa na mwingine kabla yenu. Ninyi mnaijua namba, kwa sababu mashine ndiyo inayoisoma. Iandikeni kwenye risiti: hedi iliingia na unene gani, imetoka na unene gani, uso wa bloku umeguswa au la, silinda imeishia kipenyo gani. Ni mistari minne ya kalamu. Kwa mwenye injini yenye nguvu, au mwenye Subaru ya tabo inayopimwa kwa hesabu kali zaidi, mistari hiyo ndiyo inayomwezesha kuchagua gasketi sahihi. Itamkumbusha pia kupima nafasi kati ya valvu na pistoni kwa plastisini kabla hajafunga, kwa sababu kila unachokwangua kinazisogeza karibu.

VETA wa mafunzo ya ufundi na SIDO wa viwanda vidogo wapo hapa mjini, na shule za sekondari zenye maabara ni nyingi. Ningefurahi kuona mwanafunzi wa ufundi magari anakaa meza moja na mwalimu wa kemia kwa asubuhi moja, bureti mkononi na hedi ya gari mbele yao. Upande wangu niko tayari kuleta bureti na kile kipande cha plastiki.

Na yeyote ambaye hedi yake iko kwenye mashine wiki hii ampigie simu fundi leo, kabla hajaikwangua, amwombe aandike unene wake.

Fundi sanifu maabara,
Nkuhungu, Dodoma