Barua kwa binti yangu aliyeiacha gemu njiani

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mama. Ujumbe wako nimeupata. Umeniandikia kwa kifupi kwamba ile gemu ya kompyuta, Planescape: Torment, umeijaribu, mapigano ni mabovu, maneno ni mengi mno, umeiacha. Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo akiwa ameshafika mlangoni, ukaongeza: "Tena haina maana baba, ukifa unaamka tu."

Nilianza kukujibu papo hapo kwenye simu. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Mambo haya hayaenei kwenye ujumbe wa simu. Ndiyo maana nakuandikia barua, na usinicheke.

Kwanza nikupe haki yako. Mapigano ni mabovu. Gemu hii nimeimaliza zaidi ya mara moja na kila mara nimeitukana. Unabofya adui, mtu wako anakwenda taratibu kama asiye na hakika na njia, anafika, anarusha ngumi, anakosa, anarusha tena. Wenzako wawili wanakwama kwenye mlango mmoja, kila mmoja anamsubiri mwenzake apite, na huku wewe unapigwa. Ukitumia uchawi mkubwa, skrini nzima inatekwa na sinema ndogo ya moto na radi. Mara ya kwanza inapendeza. Mara ya kumi unatafuta kitu cha kutupa.

Sababu yenyewe inajulikana. Injini inayoiendesha, yaani programu yake ya msingi, ilitengenezwa na kampuni ya BioWare kwa ajili ya Baldur's Gate, gemu ya mwaka 1998 ya kikosi cha mashujaa wanaozunguka wakipigana. Black Isle Studios wakaiazima kusimulia jambo la aina nyingine kabisa, wakaitoa Desemba 1999. Ni lori la mchanga walilopakia mayai. Chini yake kuna kanuni za Dungeons & Dragons za toleo la pili, zile za mchezo wa mezani wa kurusha kete, ila hapa kete zinarushwa nyuma ya pazia nawe unaona matokeo tu, kwa hiyo ukikosa mara sita mfululizo unahisi umeonewa. Hilo toleo ulilonalo wewe, la Beamdog la mwaka 2017, lilifaa kwa skrini za siku hizi na macho yangu yakalishukuru, lakini ngumi zilibaki zile zile.

Na kwa kuwa nimeamua kusema kweli, niimalize. Kuna mahali pabaya zaidi mbele. Ukishafika mji uitwao Curst, na gereza la Carceri baada yake, utadhani waandishi waliishiwa wino wakaanza kujaza maadui. Huko punguza kiwango cha ugumu kwenye mipangilio hadi chini kabisa, wala usione haya. Mimi hufanya hivyo.

Lakini nakujua wewe. Ulipopewa pointi za kugawa mwanzoni, ulizimwaga zote kwenye nguvu na afya. Sikuoni lakini nakuona. Nami nilifanya vivyo hivyo mara ya kwanza, nikatembea na bonge la mtu asiyeelewa anachoambiwa, nikaishia katikati nimechoka. Mwaka mzima nikawa nawaambia watu gemu hii inasifiwa bure.

Anza upya, na hekima uipeleke hadi 18. Kisha akili, kisha haiba, na nguvu ibaki inavyobaki. Gemu hii silaha zake ziko hapo. Mtu wako akiwa hana hekima, kuna sentensi ambazo hazitajitokeza kabisa kwenye orodha ya majibu, na hakuna atakayekuambia kwamba zilikuwepo. Utazungumza na mzimu wa mwanamke aitwaye Deionarra, uondoke ukidhani mmemaliza. Mtu wako akiwa na hekima, anakatika ghafla katikati ya mazungumzo, anakumbuka. Kipande cha maisha aliyoyasahau kinamrudia, na pointi za uzoefu zinamwagika kuliko ambazo ungezipata kwa kupiga majambazi wa mtaa mzima. Kwingine kumbukumbu za mhusika ni pambo. Hapa ndiyo nyara yenyewe.

Hilo la maneno mengi siwezi kulibishia. Inasemekana yanafika 800,000. Chris Avellone na wenzake waliandika kama watu waliofungiwa ndani. Kuna mahali yamezidi, na kuna wahusika wa pembeni wanaosema kurasa tatu pale ambapo neno moja lingetosha. Ila usiyasome kama maelekezo ya kazi, ukitafuta tu wapi pa kwenda. Nenda nayo polepole, kwa muda wa saa moja kila usiku, kisha zima.

Sasa nikuungamie jambo. Unakumbuka hadithi ya Fuvu? Ulikuwa na miaka minne au mitano, usingizi unaukwepa kama dawa chungu, nami nimekaa ukingoni mwa kitanda nakusimulia habari za fuvu linaloelea hewani, lenye mdomo usio na breki, linalomfuata mtu aliyesahau jina lake. Ulikuwa unanikatiza. "Linakula?" Halili. "Linalala?" Halilali, halina kope. Basi nawe ukawa unakodoa macho makusudi, usilale, mpango wangu wote ukaharibika. Hadithi ile sikuitunga. Fuvu lenyewe ni Morte, yule yule aliyekuamsha juu ya meza ya maiti wiki hii, nawe hukumtambua. Pengine ni kosa langu, nilimfanya mpole kuliko alivyo.

Kuna dakika mle ndani najua umeipita mbio. Mtu wetu amefunikwa makovu mwili mzima, hajui yeye ni nani, na mgongoni ana maandishi yaliyochanjwa ambayo hawezi kuyaona. Anamwomba Morte amsomee. Morte anasoma: miongoni mwa vitu vyako kuna daftari, mtafute Pharod, na mengine. Rudi pale usome tena. Kisha siku moja, mtakapokuwa mmetembea pamoja vya kutosha, mwulize kama alisoma mistari yote.

Na mimi pale kitandani nilikuwa Morte. Kuna mistari niliiruka. Nilikuambia yule mtu alilipata jina lake akarudi nyumbani. Hakurudi nyumbani.

Lakini nisikuharibie. Mji wa Sigil utauona mwenyewe, mji uliojengwa ndani ya pete, ukitazama juu unaona mapaa ya watu wengine badala ya anga. Mlango wowote unaweza kukutupa ulimwengu mwingine ukiwa na ufunguo wake, na ufunguo si lazima uwe chuma, unaweza kuwa kitu chochote, hata wazo kichwani. Utakutana na Fall-from-Grace, pepo wa kike aliyefungua nyumba ambayo wateja huja kwa ajili ya mazungumzo tu. Mimi ninayetaka kukukabidhi kwake ni Dak'kon.

Utamkuta kwenye baa, amesimama kimya, mzee mwembamba wa rangi ya manjano, na upanga usiotulia umbo. Chuma chake hufuata akili ya mwenyewe. Akiwa ametulia unakuwa mkali, akiwa na shaka makali yanafifia. Utazame upanga wake kila mara kabla ya kusikiliza anachosema, kwa sababu yeye hasemi mengi.

Ana jiwe la duara lenye pete ndani ya pete, mafundisho ya Zerthimon, mkombozi wa watu wake. Mwombe akufundishe. Unageuza pete, ukurasa unajitokeza, unausoma, kisha anakuuliza umeelewa nini. Si mtihani wa kukariri. Kuna majibu manne matano, na lile linaloonekana la kishujaa mara nyingi silo. Ukijibu vyema anakupa pete inayofuata, na uchawi juu yake. Ukijibu ovyo anakurudisha ukasome. Nilikaa na mzee yule jioni mbili nzima bila kupiga ngumi hata moja, na ndizo saa bora nilizowahi kukaa mbele ya gemu yoyote. Ukiendelea, unafika mahali mwanafunzi anageuza pete ambayo mwalimu hakujua kama ipo. Angalia anavyosema hapo. Alikuwa akikufundisha kitabu ambacho chenyewe kilikuwa kikimtesa.

Na kwa nini anakufuata? Aliapa. Zamani, katika maisha ambayo mtu wako hayakumbuki, alimkuta Dak'kon anakufa akamwokoa, naye akaapa kumtumikia mpaka huyo mwokozi wake afe. Mpaka afe, mama. Alimwapia mtu asiyekufa. Nilipoelewa hilo nilirudi kuyasoma upya mazungumzo yetu yote kwenye ile baa, na kila "ndiyo" yake ilikuwa na uzito mwingine. Je, yule aliyemwokoa alijua anachofanya? Hilo utalitafuta mwenyewe. Nina hasira nalo mpaka leo, hasira za kipuuzi za mtu mzima kwa ajili ya watu wasiokuwepo.

Utafika pia kwa Ravel, mchawi aliyefungwa kwenye mzingile wa miiba. Atakuuliza swali moja: kitu gani kinaweza kubadili asili ya mtu? Waliowahi kulijibu kabla yako hawakutoka salama. Nimekua nikiambiwa tabia ni ngozi ya mwili, kwa hiyo nilidhani jibu nalijua. Nilipoiona orodha ya majibu nikakaa nayo mpaka chai ikapoa. Nilichagua majuto. Safari ya pili nilichagua jingine. Ukishajibu niambie umejibu nini, ila usiniambie upesi.

Sasa hilo lako la mwisho, kwamba kufa hakuna uzito.

Ni kweli, ukianguka unaamka tena kwenye meza ile ile ya maiti, au karibu na ulipoangukia, afya imejaa, wenzako wanakungoja. Hakuna cha kulipa. Nami nilisema kama wewe, kwamba huo ni uvivu wa watengenezaji, maana gemu isiyoadhibu kifo imejikata miguu yenyewe. Nikaanza kukitumia kifo kama njia ya mkato. Kundi la maadui limenizidi? Acha waniue, nitaamka kwingine. Kuna mahali ambapo kufa ndiyo njia ya kupita, nikafa nikicheka. Vivuli vilipoanza kunitokea gizani na kunishambulia, niliona ni maadui wa kawaida tu, nikalalamika kwamba wanachosha na kwamba wamewekwa bila sababu.

Halafu nikafika sehemu fulani, karibu na mwisho, nikaambiwa vile vivuli ni nini. Niliacha kipanya, nikakaa. Mama yako akapita mlangoni, akaniangalia usoni, akaniuliza kama nimepokea habari za msiba. Nikamwambia hapana. Kisha sikuwa na hakika kama nimemjibu kweli.

Kwa hiyo nina ombi moja. Mapigano endelea kuyatukana, nitakusaidia. Ukianza upya, chukua karatasi uiweke kando ya kibodi. Kila ukifa, piga mstari mmoja. Usiniulize kwa nini. Hata ukifa kwa uzembe, hata kama mwenzako alikwama mlangoni na kosa si lako, piga mstari. Ukifika kwenye ngome ya mwisho, ile inayoitwa ya majuto, uitoe karatasi uisome.

Mimi sikuhesabu. Hata leo ukiniuliza ni wangapi, sina jibu.

Ni mimi,
Baba yako