Baba na dogo, hili zigo msitupiane

Baba, mama, shikamooni. Dogo najua hujanisalimia ila marahaba.

Zile voisi zenu kwenye grupu, mnabishana nani abebe kazi ya kuleta mabadiliko kwenye jamii, wazee au vijana, nimezisikiliza zote, ile ya baba ndefuu nimeirudia mara mbili nikiwa kwenye basi naenda kazini. Baba unasema nyie mlishafanya yenu sasa ni zamu ya vijana, dogo nae anasema wazee ndio mmeharibu kwahiyo rekebisheni wenyewe. Nimecheka peke yangu, maana mnabishana halafu mnasema kitu kilekile, kazi sio yangu.

Na kwa vile nilikuwa kwenye basi nikakumbuka ishu ya mabasi ya mji wa Montgomery, hukuhuku Marekani, enzi zile sheria inawatenga weusi na wazungu kwenye siti za basi. Wengi tunamjua Rosa Parks tu, yule mama mweusi aliyekataa kumpisha mzungu siti Desemba 1955. Miezi tisa kabla yake kulikuwa na binti wa shule wa miaka 15, Claudette Colvin, nae aligoma kunyanyuka polisi wakamkamata, viongozi wa weusi wakaona huyu bado mdogo hawezi kubebeshwa harakati (hapo wazee walichemka, dogo, nakubali). Baadae watu wakasusia mabasi siku 381, wanatembea kwa mguu, wengine wanapeana lifti. Ila sheria yenyewe ya ubaguzi ilikuja kuangushwa mahakamani, na waliosimama na ile kesi mpaka mwisho ni wanawake wanne: huyohuyo Claudette, Mary Louise Smith aliyekamatwa akiwa na miaka 18, Aurelia Browder mama mtu mzima, na Susie McDonald, bibi wa miaka sabini na kitu. Novemba 1956 Mahakama ya Juu ikawapa ushindi.

Bibi wa sabini jamani! Si angesema tu mimi nimeshazoea. Na yule binti walishamuweka pembeni, angesusa nani angemlaumu?

Baba wewe unajua nani alishajaribu nini na kilikwamia wapi, hiyo dogo haipati kwenye simu yake. Lakini ukimpa kazi mpe na nafasi ya kuongea, kwenye voisi moja umesema "sisi enzi zetu" mara sita, nimehesabu. Dogo na wewe kabla hujajibu muulize kwanza ilikuwaje. Mimi mwenyewe sijitoi, nimekaa huku natoa ushauri kama refa wa kwenye tivii.

Mama umenyamaza kwenye grupu na wewe ndio nakuogopa zaidi. Jumapili napiga, kaeni chumba kimoja wote, simu ashike mama.