Saa janja ikitoa namba za ajabu, anza na mkanda

Malalamiko yanayofika kaunta yetu mara nyingi ni haya: mapigo ya moyo yanasoma 170 wakati mtu anakimbia taratibu tu, hatua zinaongezeka akiwa amekaa kwenye bodaboda, au kalori hazieleweki. Kabla hujamlipa fundi afungue saa, jaribu yafuatayo. Saa nyingi hazina ubovu wowote.

Igeuze kwanza. Taa za kijani zilizo mgongoni mwa saa humulika ngozi, na kihisi kilicho karibu nazo husoma mwanga unaorudi. Damu hunyonya mwanga huo, kwa hiyo kila moyo unapopiga, mwanga unaorudi hupungua kidogo. Kidogo sana, ndiyo maana mafuta ya kujipaka, chumvi ya jasho iliyoganda, au ile nailoni ya kiwandani ambayo mwenye saa hakuibandua inatosha kuvuruga kipimo. Futa kwa kitambaa laini kilicholowa maji, kisha kausha. Usikwangue kwa kisu.

Halafu mkanda. Saa inayoning'inia kwenye kifundo kama bangili huruhusu mwanga wa nje kuingia, na kila ukitupa mkono inacheza. Isogeze kuelekea kiwiko, upana wa vidole viwili kutoka kwenye mfupa wa kifundo. Wakati wa mazoezi ikaze hadi isiteleze ukitikisa mkono. Vidole vikianza kufa ganzi, umezidisha. Ukimaliza, legeza tundu moja. Mkanda wa silikoni uliotanuka ubadilishe tu. Sisi tunapendelea wa kitambaa wa kubandika, kwa sababu unaukaza pale unapotaka badala ya kutegemea matundu. Kama una tatuu nyeusi hapo, hamia mkono wa pili: wino unanyonya mwanga, na kukaza hakusaidii.

Sasa ile 170. Mkimbiaji hupiga hatua kama 160 hadi 180 kwa dakika, na mtikisiko huo ukizidi nguvu ishara ya damu, saa hudaka mdundo wa miguu na kuuonyesha kama mapigo ya moyo. Dalili yake ni namba kupanda ghafla huku wewe bado unaongea bila kuhema. Simama, weka vidole viwili shingoni kando ya koromeo, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Namba mbili zikiachana sana, kaza mkanda, pandisha saa juu kidogo mkononi, na safari nyingine pasha mwili kwa dakika 5 hadi 10 kabla ya kukimbia, maana mkono wa baridi hupitisha damu kidogo. Ukinyanyua vyuma au kuendesha baiskeli shida ni kukunja ngumi: misuli ya mkono inabana mishipa. Hapo mkanda wa kifuani, yaani kipimo cha mapigo kinachofungwa kifuani, unaishinda saa yoyote ya mkononi.

Hatua hazihusiani na taa hizo. Zinatokana na mjongeo wa mkono. Ukisonga ugali utapewa hatua za bure, na ukisukuma toroli au kushika vyuma vya mashine ya kukimbilia utanyimwa. Kwenye mashine, achia vyuma. Kwenye programu ya simu hakikisha umechagua mkono sahihi, wa kushoto au wa kulia, na urefu wako halisi, kwa sababu saa hukadiria umbali kutokana na urefu huo. Makadirio yakikosea, tembea mzunguko mmoja wa uwanja wa riadha, njia ya ndani kabisa, ambao ni mita 400, ukihesabu hatua. Ukipata 560, hatua yako ni kama sentimita 71. Iandike kwenye mipangilio ikiwa programu inaruhusu.

Kalori tunashauri usizifanyie hesabu ya chakula. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu aina 7 za saa kwa watu 60. Aina 6 zilipima mapigo kwa kosa la chini ya asilimia 5, lakini kwenye kalori hata iliyoongoza ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na ya mwisho asilimia 93. Chipsi mayai ya ziada isisimame juu ya namba hiyo.

Tuletee saa ikiwa taa za kijani haziwaki kabisa unapopima, kioo cha nyuma kimepasuka, au kuna ukungu ndani. Njoo na simu uliyoiunganisha nayo, maana mipangilio mingi imo humo.