Salamu za shukrani kutoka Centralia, kwa wote mliotusitiri katika msiba wa Baba

Bwana Yesu asifiwe.

Wiki sita zimepita tangu tumpumzishe Baba yetu mpendwa hapa Centralia, jimbo la Washington, na ni sasa tu nimepata nguvu ya kuandika. Kwa niaba ya Mama, wadogo zangu, wajukuu na ukoo mzima wa Tukuyu, mkoani Mbeya, Tanzania, tunamshukuru Mungu aliyetuachia Baba kwa miaka 74, na tunawashukuru ninyi nyote mliotushika mkono.

Najua wapo watakaosoma salamu hizi wakiwa bado na donge. Mzee wa Kinyakyusa amezikwa ugenini, mbali na migomba yake na makaburi ya baba zake. Haki yenu kuuliza, na haki yenu kujibiwa. Naomba mnivumilie nieleze kwanza, ndipo nishukuru.

Siku tatu za mwanzo zilitutesa kuliko ugonjwa wenyewe. Baba alikata roho alfajiri, mwezi Januari, mvua ikinyesha kama inavyonyesha huku majira yote ya baridi. Kabla ya jua kuchomoza simu za nyumbani zilikuwa zimeanza: mwili unafika lini? Jioni ile ile ndugu wa Seattle na Tacoma walifungua mchango wa kumsafirisha. Kila aliyepiga alikuwa na upendo, na kila simu ilinichoma, kwa sababu nilikuwa na neno la Baba kifuani. Wakati wa Krismasi, mchungaji akiwa amekaa pembeni ya kitanda, alisema: "Msinipakie kwenye ndege. Nizikeni hapa kwa George."

George huyo ni nani? Wengi mmeniuliza. Anaitwa George Washington, lakini si yule rais wa kwanza. Ni Mwafrika wa Marekani, mwanzilishi wa mji huu. Baba alikuja kuishi nasi mwaka 2012, akawa anatembea kila siku hadi kwenye bustani ya mjini inayoitwa kwa jina hilo. Alidhani ni ya rais, hadi wahudumu wa maktaba iliyomo ndani ya bustani walipomfungulia vitabu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, nao wakamsomea taratibu, wiki baada ya wiki. Sanamu ya mzee huyo na mkewe Mary Jane ilipowekwa mwaka 2018, Baba akawa haipiti bila kuvua kofia. Ninyi wahudumu wa maktaba, hamtajua mlimpa nini mzee wetu. Mungu awabariki sana.

Habari aliyosomewa ndiyo hii, na sisi watoto tumeisikia mara nyingi tukiwa mezani. George alizaliwa Virginia mwaka 1817, baba yake akiwa mtumwa na mama yake mwanamke mzungu. Akiwa mchanga alichukuliwa na mume na mke wazungu, James na Anna Cochran, wakamlea kama wa kumzaa. Wakahama naye Ohio, kisha Missouri, na mwaka 1850 wakasafiri kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe hadi pwani ya magharibi. George akachagua mahali mto Skookumchuck unapoingia mto Chehalis. Baba hakukubali tusimulie hapo bila kwanza kusema kwamba nchi ile ilikuwa ya watu wa Chehalis tangu zamani. Akafyeka, akajenga. Lakini sheria ya wakati ule ilimzuia mtu mweusi kudai ardhi. Walipotokea wengine kutaka kuichukua, wazee wa Cochran wakaiandikisha kwa jina lao, ekari 640, na sheria ilipobadilika baada ya eneo la Washington kutengwa na Oregon, wakamuuzia yeye. Naye akawatunza katika uzee wao hadi walipofariki.

Hapo Baba alikuwa akinyamaza, na mimi nikijua kwa nini. Wengi wenu mnajua, lakini leo nalisema hadharani kwa mara ya kwanza: Baba hakunizaa. Alinichukua nikiwa na miaka miwili, baada ya wazazi wangu kufariki, akanipa jina lake, akauza ng'ombe nisome. Nilipomleta Marekani watu walisema nimelipa deni. Yeye alisema, "Mwanangu amenifanyia kama George." Sikupata kusifiwa zaidi ya hapo, na sitarajii.

Sasa mfikirie. Mtoto wa kulelewa ndiye aliyesimama mbele ya ukoo kusema mzee asirudi. Siku ya pili usiku nilikuwa tayari kukata tamaa na kununua nafasi ya ndege, ili amani iwepo. Ndipo Baba Mkubwa akapiga simu kutoka Tukuyu. Nilianza kuomba msamaha, akanikatisha. Akasema, "Wewe ni mtoto wa mdogo wangu. Alichokuambia ndicho alichotaka. Zika. Huku matanga nitayasimamia mimi." Baba Mkubwa, nililia kwa sauti, na Mama akaamka akalia nami, na usiku ule ndio tuliolala kwa mara ya kwanza. Ulikata shauri zito ukiwa na miaka 81 na miguu mgonjwa, ukawakalisha wazee wenzako ukawaeleza. Hatuna cha kukulipa. Bwana akuzidishie siku.

Kwa waliochanga kwa ajili ya ndege: mlitoa kwa nia moja, fedha ikaenda kwenye nia nyingine, na kwa hilo tunawaomba radhi kwa dhati. Kamati ilimpigia kila mchangiaji kumrudishia chake. Wachache walipokea, wengi mkakataa. Iliyobaki imelipa jeneza, kaburi na chakula cha wageni, na sehemu ilitumwa Tukuyu kwa ajili ya matanga. Mhasibu wa kamati ana orodha yote, anayetaka kuiona ataonyeshwa.

Shukrani zetu ziwafikie: mchungaji na washirika wa kanisa letu hapa, kwaya ya Kiswahili iliyotoka Kent na mvua ile, Watanzania wa Seattle, Tacoma na Portland, ndugu Wakenya, Wakongo na Warundi mliojaza magari mkaja bila kuitwa, akina mama mliopika wali na ndizi kwa siku tano, vijana mliolala sakafuni, wauguzi waliomhudumia Baba nyumbani, wenzake wa ghalani alikofanya kazi ya usiku, majirani, walimu wa wajukuu, wanakikundi wa ujenzi wa Mbeya, umoja wa wanawake Tukuyu, Shangazi wa Kyela, wakwe zetu wa Dodoma na Mwanza, rafiki zake wa zamani wa shamba la chai.

Yupo jirani mmoja, mama mzee wa kizungu anayeishi mkono wa kushoto wa nyumba yetu. Siku ya kwanza alileta supu na funguo za nyumba yake, akasema wageni wetu walale kwake, yeye ana vyumba viwili vitupu. Wamelala kwake watu tisa. Nilipomshukuru akanionyesha kwa kidole upande wa bustani, akasema hapa ndivyo ulivyoanza mji. Na kweli. George na Mary Jane walioana mwaka 1869, na tarehe 8 Januari 1875 wakaandikisha ramani ya viwanja kwenye ardhi yao, reli ikiwa imepita hapo. Waliviuza kwa bei ndogo kwa yeyote ambaye angejenga nyumba ya thamani ya dola 100, na wakatoa ardhi kwa kanisa la Kibaptisti na makaburi. Mji ukaitwa Centerville, baadaye Centralia. Mary Jane alikwisha kufariki uchumi ulipoanguka mwaka 1893. Watu wakafukuzwa kazi na kukosa chakula. Mzee yule akaagiza mchele, unga, sukari na nyama kutoka Portland akagawa. Akakopesha bila riba, na wenye madeni yake hakuwanyang'anya nyumba. Baba alipofika kwenye mchele alikuwa akigonga meza: "Mchele! Kama msibani kwetu!"

George alifariki tarehe 26 Agosti 1905 baada ya kutupwa na gari lake la farasi, akiwa na miaka 88. Meya alitangaza siku ya maombolezo, maduka yakafungwa, mji mzima ukamzika. Siku ya Baba hakuna duka lililofungwa, wala hatukutarajia. Lakini tulipokuwa tukishusha jeneza, saa tano asubuhi kwetu, huko Tukuyu ilikuwa saa nne usiku, na kupitia simu ya mjukuu tuliwasikia mkiimba pamoja nasi, nyumba imejaa hadi uani. Mliokesha usiku ule tunawakumbuka kila siku katika sala.

Tumesahau wengi. Tulikuwa na daftari la mahudhurio, likalowa mvua makaburini, na kurasa mbili hazisomeki kabisa. Kama ulikuja, ulituma, ulipiga simu ikakosa kupokewa, ulifunga na kuomba, na hujaona kundi lako hapa, tunakuomba sana usihesabu kuwa ni dharau. Wapo pia waliosemeshwa kwa ukali siku zile tatu, na aliyesema kwa ukali ni mimi. Nisameheni, hasa wewe Baba Mdogo wa Dar es Salaam.

Mwezi wa saba Mama atakuja nyumbani, Mungu akipenda, pamoja na nguo za Baba, fimbo yake na ile kofia. Ibada ya shukrani itafanyika kwa Baba Mkubwa, na kofia atakabidhiwa yeye.

Jina la Bwana libarikiwe. Ndaga fijo, asanteni sana.