Shaibu, BSA imepata miguu ya mbele

Dodoma, Jumapili jioni

Kwako Shaibu,

Salamu nyingi, na shemeji umsalimie. Ile pikipiki yangu ya BSA uliyoiita mifupa ya punda imepata foku, ile miguu inayoshika gurudumu la mbele.

Nilishuka Mbande, nikapanda bodaboda hadi Kongwa, nikawa naulizia kwa wazee vyuma vya enzi za mradi wa karanga wa 1947. Baada ya mbukwenyi ndefu, zile salamu za Kigogo, mzee mmoja akanipeleka nyuma ya nyumba. Foku ilikuwa imeegemezwa kwenye mlango wa banda la kuku, mbuzi wasifungue. Kinyesi kimeganda hadi kwenye springi.

Ni ya BSA aina ya M20 haswa, ya kabla BSA hawajahamia foku za bomba na oili mwishoni mwa miaka ya 1940. Mikono miwili, springi moja kubwa katikati, viungo vifupi juu na chini. Hakuna sili ya kuvuja! Kupunguza mruko unakaza visahani vya msuguano kwa mkono, basi.

Alianzia laki na nusu, tukamalizana tisini na kreti ya soda. Kabla ya kulipa nilivuta uzi kutoka shingoni hadi matundu ya ekseli, kulia na kushoto. Imenyooka. Ugonjwa uko kwenye pini za viungo na bushi zake, zile pete pini zinamochezea: ukiitikisa inalia kama kitanda cha gesti.

Fundi wa hapa kaniambia nikate shingo nivalishe foku ya Boxer. Nilinyamaza tu. Mwingine alinikerezea pini moja nene, akaiingiza kwa nyundo, kiungo kikagoma kabisa.

Kwa hiyo nakuomba ufike Gerezani, hapo Dar, kwa mafundi wa kukereza. Pini ya mfano nimempa kondakta, imefungwa kwenye gazeti. Nataka nne, za chuma cha ekseli ya Land Rover, na bushi za shaba. Mwambie fundi asipime katikati, pameliwa. Apime mwishoni, pale nati ilipokuwa imefunika. Uzi wa kufungia nati ni wa inchi, asije akaniletea wa milimita. Na asisahau tundu la grisi, maana bila grisi pini hizo hazimalizi mwaka kwenye vumbi letu.

Pesa nitatuma ukishapewa bei. Mzee nimemwahidi nitamrudia nikiwa juu ya hiyo BSA. Mlango wa kuku nimemwachia nondo.

Wako,
Mwenye mifupa ya punda